Dada wa Kazi Hayumo Kwenye Jedwali

Mwaka juzi mdadisi wa utafiti mmoja wa serikali alikaa sebuleni kwangu, hapa Chuno, Mtwara, kishikwambi mkononi. Nilimjibu vizuri tu mpaka tukafika kwa binti aliyekuwa jikoni akimkorogea mwanangu uji. "Na huyu?" Nikasema, "Aa, huyo mdogo wangu, ananisaidiasaidia tu." Akabonyeza, tukaendelea.

Binti yule si mdogo wangu. Ametoka Tandahimba, ana miaka 20, na wakati ule nilikuwa namlipa shilingi 70,000 kwa mwezi. Ndiye anayejua homa ya mtoto ilianza saa ngapi. Ndiye anayejua mtoto hali ugali mpaka umwimbie. Kama hiyo si ajira, basi na mimi sina ajira, maana bila yeye nisingevuka kizingiti.

Uongo wangu ule umenirudia wiki hii nilipokuwa nachungulia takwimu za Marekani. Wenzetu hutoa kila mwaka mishahara ya walea watoto, wakiwa na mstari wao peke yao, jimbo kwa jimbo. Mei 2024 nusu ya walezi hao walikuwa wakipata zaidi ya dola 15.41 kwa saa, nusu nyingine chini ya hapo. Nikaanza kuwaonea wivu, kisha nikasoma maelezo madogo: utafiti huo huwauliza waajiri wa makampuni, taasisi na vituo. Waliojiajiri hawamo, na wanaofanya kazi majumbani mwa watu hawamo. Yaya wa sebuleni hata kule hahesabiwi kwenye jedwali lile.

Sisi utafiti wetu wa nguvukazi, kama ule wa 2014 na ule wa 2020/21, unapita kaya kwa kaya. Kwa hiyo mdadisi wetu anafika mpaka jikoni. Bahati hiyo tunaichezea sisi wenyewe, kwa jina tunalompa mtu. Uainishaji wa kazi wa kimataifa una namba 5311 kwa walea watoto, yaya wa nyumbani akiwemo, na 9111 kwa wasafishaji na wasaidizi wa majumbani. Sasa binti anadeki huku mtoto yuko mgongoni. Aandikwe wapi? Ukisema "msichana wa kazi", mawazo ya kila mtu yanakwenda kwenye ndoo na ufagio. Ukisema "mdogo wangu", hata ndoo hana.

Na waajiri tuna sababu ya kusema "mdogo wangu". Amri ya kima cha chini ya 2013 ilimpa mfanyakazi wa ndani wa kaya ya kawaida, anayelala kwa mwajiri, shilingi 40,000. Ile ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ikampandisha hadi 60,000, na asiyelala kwa mwajiri 120,000. Hata hizo 60,000 wapo majirani zangu wasiozifikisha, halafu wanakuhesabia sabuni, kanga ya Idi na nauli ya kwao kana kwamba ni mshahara. Mgeni mwenye dodoso akitokea, ndugu wanaongezeka ghafla.

Huku kwetu kuna na korosho. Oktoba ikifika mabinti wanaaga, kwao wanahitajika mashambani kuokota, na mwenye mtoto mdogo anabaki kubembeleza na kuongeza dau. Mwaka jana jirani yangu alipandisha elfu ishirini usiku mmoja! Uliza mshahara Novemba, uliza tena Aprili, uone kama utapata jibu moja. Mwenye kusoma takwimu Dodoma angepaswa kujua mwezi gani mdadisi alipita Mtwara.

Serikali ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto wa miaka 0 hadi 8. Ni jambo zuri. Lakini mtoto wa mama anayefanya kazi anashinda mikononi mwa nani, na huyo analipwa nini? Naomba mambo mawili tu: binti aulizwe mwenyewe, mimi nikiwa nje, na kulea watoto kupewe mstari wake, mkoa kwa mkoa.

Juzi nilimweleza yote haya, pamoja na ule uongo. Nikamwambia nimempandishia hadi 90,000 na kwamba mdadisi akija tena nitatoka nje, ajibu mwenyewe. Alinisikiliza huku anamfunga mtoto nepi.

"Sawa, mama," akasema. "Sasa Oktoba unaniruhusu, au huniruhusu?"