Mlezi alisaini, sawa, lakini angekataaje?

Kila nikilalamika kuhusu mashirika yanayoposti sura na historia za watoto wanaowasaidia, jibu ni lilelile, tuna fomu ya ridhaa, mlezi alisaini. Haya, alisaini. Sasa niambie huyo mlezi angekataaje wakati anayemletea fomu ndiye anayelipa ada ya mtoto na ndiye anayeleta dawa, na siku hiyo kaja na kamera na wageni? Hata ukimwambia ukikataa hakuna kitakachobadilika ataitikia tu, moyoni anajua wakunga hawatukanwi na uzazi ungalipo. Mi hiyo siiti ridhaa, ni adabu ya mtu mwenye shida.

Na mtoto mwenyewe ndo kabisa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 una kifungu cha 12 kinachosema mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu, na cha 16 kinacholinda faragha yake. Naona watu wa mawasiliano wanakipenda sana cha 12 maana kinawapa stori, cha 16 wanakipita kama hawakioni. UNICEF nao wana mwongozo wao kuhusu kuripoti habari za watoto, mtoto aliyedhulumiwa kingono kwa mfano jina libadilishwe na sura isitambulike. Wengi watakwambia wanaufuata, ila angalia wanavyoufuata, jina wamebadilisha lakini sare ina nembo ya shule, kapsheni inataja kijiji, bibi yake yupo pembeni na jina lake kamili. Hapo umemficha nani? Kijiji kizima kishajua ni nani. Bado sijagusa picha za simu ambazo zinaweza kubeba ndani yake mahali zilipopigwa, ukimtumia mtu faili lenyewe umempa na ramani.

Kuna ile picha ya Sudan ya 1993, mtoto mwenye njaa kainama na ndege mla mizoga kasimama nyuma yake. Ilipigwa na mwandishi wa habari, si shirika, najua, na ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Jina la mpiga picha, Kevin Carter, linajulikana hadi leo, lakini mtoto dunia ilimwita msichana miaka na miaka mpaka 2011 gazeti moja la Hispania likaipata familia na kumbe alikuwa mvulana. Yaani picha ilizunguka dunia nzima na hata jinsia ya mwenye picha hatukuijua!

Sasa hivi mambo ni mabaya zaidi kwa sababu stori haipotei. Mtoto wa miaka 8 leo, kesho kutwa ni mtu mzima anaomba kazi au anapeleka posa, mtu anaandika jina lake kwenye simu na kitu cha kwanza kutokea ni siku mbaya kuliko zote za maisha yake, imeandikwa na mgeni kwa lugha ya kutafuta machozi. Na mama yake humo ndani ama hayupo ama ndo mkosaji, maana stori za "kabla na baada" zinataka mwokozi mmoja tu, shangazi aliyemlea miaka minne kabla shirika halijafika anafutwa.

Naambiwa picha za huzuni ndizo zinazoleta pesa. Inawezekana, sibishi. Ila pesa iliyoletwa na aibu ya mtoto ina deni na anayelilipa si mfadhili wala afisa wa mawasiliano.

Wala sisemi tuwazibe wote macho kwa kile kimstari cheusi, kinawafanya waonekane kama watuhumiwa. Mwalimu wa kituo anaweza kueleza kazi yake bila kumtaja mtoto yeyote, na kijana aliyeshatoka kwenye mradi, ambaye hategemei tena msaada wenu, akitaka kusimulia mwenyewe asimulie, na asome posti nzima kabla haijapanda. Anayeomba ruhusa asiwe yule yule anayegawa misaada. Na fomu iseme mtu akitaka kufuta anampigia nani, jina na namba, kwa lugha anayoisoma, na akipiga kitu kitoke siku hiyo hiyo bila kuulizwa kwa nini.