Ua Bila Maua

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia picha. Ua wa nyumba yetu ya Kitangiri, Mwanza, umetandikwa vitofali vya pevingi, vile vya kijivu, kuanzia getini mpaka mlango wa jikoni. Hakuna jani hata moja. Chini yake ameandika: "Kaka, si kama Ulaya sasa?"

Nilikaa na ile picha siku mbili bila kujibu. Mtu ametoa hela yake, amesimama na mafundi juani, halafu umwambie kazi yake imekuuma? Tena wewe uliyeondoka. Aliyebaki ndiye anayefagia, ndiye anayetafuta maji. Lakini kwa kuwa ameitaja Ulaya, na huu ni mwaka wangu wa kumi na moja Uholanzi, nimeona niseme langu.

Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Nyumba yetu, kama nyumba nyingi za Mwanza, imekaa juu ya mawe. Ukichimba kina cha mkono tu, jembe linalia. Kwa hiyo udongo wa bustani ya baba karibu wote ulipanda mlima kwa baiskeli, ndani ya viroba, akaushindilia kwenye nyufa za mawe, kwenye matairi ya lori, ndoo zilizotoboka na masufuria yaliyokwisha matako. Mbolea ilikuwa samadi na mashudu ya pamba. Mbuzi wa jirani waliyajua mashudu yale kuliko sisi, na nusu ya utoto wangu nimeimaliza nikiwafukuza.

Watu walimcheka, usidhani hawakumcheka. Mwanaume mzima anafuga maua! Mchicha unaliwa, matembele yanaliwa, ua linaliwa? Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwaambia mchicha upo sokoni Kirumba, senti tu, ila hili nani ananiuzia? Na kweli hakuna aliyekuwa akiuza maua kwetu.

Maji ndiyo yalikuwa shughuli. Ziwa unaliona pale chini linametameta, na bomba lako kavu wiki nzima. Aliyekulia milimani Mwanza ananielewa. Tulibeba madumu ya lita 20 kichwani, na sheria ya mama ilikuwa moja: maji hayamwagwi kabla hayajafanya kazi mbili. Yaliyoosha mchele yalikwenda kwenye maua ya kana. Yaliyoosha sato yalikwenda kwenye waridi, magamba na vyote, na sijaona tena mawaridi ya namna ile. Usiku paka walikuja kufukua wakidhani samaki kazikwa, hivyo kila jioni kazi yangu ilikuwa kuzungushia mashina miiba ya mchongoma, vidole vikitoka damu, harufu ya samaki haitoki hata kwa sabuni ya mche.

Sasa jambo ambalo nilikuja kulielewa nikiwa huku. Maua yetu hayakuwa na majina ya maua. Yalikuwa na majina ya watu. Lile jekundu lililopanda ukutani liliitwa Bugando, kwa sababu baba alikatiwa kijiti chake siku bibi alipotoka hospitali ya Bugando. Kulikuwa na waridi la Mama Mchungaji. Kulikuwa na "la shangazi wa Sengerema", lililovuka ziwa kwa kivuko limefungwa kwenye kitambaa kibichi. Ukitembea kwenye ua wetu ulikuwa unawasalimia watu. Aliyekuja kusalimia na akasifia ua, aliondoka na kijiti. Baba hakukubali mgeni asifie kitu halafu atoke mikono mitupu. Kwa hiyo Kitangiri nzima, hadi kwa wale waliomcheka, kulikuwa na vijiti vya kwetu, na ua la kwetu likifa, ulijua nyumba ya kwenda kuliomba upya.

Na lilikuwepo lile la saa kumi. Kichaka kifupi chenye maua ya rangi ya waridi na njano, mchana yamejifunga kama yamenuna, saa kumi jioni yanafunguka. Hatukuwa na saa ya ukutani iliyokuwa ikitembea. Mama alichungulia dirishani, akiona yamefunguka anaita: madumu!

Ua moja tu lilikuja kwetu bila kuletwa na mtu, nalo lilikuja kwa maji. Katikati ya miaka ya 90 magugu maji yalijaa ziwani mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka. Wakubwa walikuwa wakiyalaani, sisi watoto tuliyaona mazuri, maana ua lake ni la zambarau, lina jicho la njano kama manyoya ya tausi. Nililipeleka nyumbani ndani ya kopo. Baba alilitazama, akauliza limetoka kwa nani. Nikasema kwa hakuna mtu. Akalirusha kwa mbuzi. Baadaye nimesoma kwamba asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu walilisambaza duniani kwa sababu ya uzuri wake huohuo, likapandwa kwenye mabwawa ya bustani, likatoroka, likaingia ziwani kwa Mto Kagera. Ikabidi waletwe wadudu jamii ya fukusi walile. Kumbe hata lile lilikuwa na aliyelileta, ila hakuwa jirani.

Mara moja tu nimeiona bustani ya baba tupu. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani. Siku zilizofuata watoto walikuwa wakipiga hodi wametumwa maua, baba akawa anakata. Hakuuliza ni msiba wa nani, hakuhesabu. Alikata mpaka waridi la Mama Mchungaji likabaki fimbo. Wengi walizikwa Igoma. Mimi nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni kisu chake cha kukatia mkate na maji ya majani mikononi mwake.

Ndiyo maana kwetu ua lililokatwa si zawadi ya hivihivi. Likizo moja nilijitia Mzungu, nikamkatia mama mkubwa kule Nyegezi fungu la maua, nikaingia nalo mlangoni kwake. Akashika kifua: "Nani amefariki?" Ningebeba kilo mbili za sukari angecheka.

Huku ninakoishi, Leiden, Ijumaa jioni watu wanarudi nyumbani na mkate kwapa hili na maua kwapa lile. Dirisha halina pazia, lina maua. Ukienda kwa mtu bila shada unajiona kama umeenda peku. Nawasifu kwa hilo, na nawasifu zaidi kwa bustani za mji: mtu anakaa chini ya mti ambao hakuupanda, na hakuna anayeukata kwa kuni wala kumfungia mbuzi. Wanaosema Wazungu wanapenda maua hawajakosea.

Wanapomalizia kwamba sisi hatuyapendi, hapo ndipo tunapoachana. Miaka minne nilivuta mikokoteni ya maua Aalsmeer, kwenye mnada wa maua mkubwa kuliko yote duniani. Mnada wake unakwenda kinyume na tuujuavyo sisi. Bei inaanzia juu, inashuka kwenye saa, na wa kwanza kubonyeza ndiye mwenye mzigo. Ukifumba jicho tu, mzigo umekwenda. Alfajiri, vidole vimekufa ganzi, nilikuwa nasoma lebo za ndoo: Kenya, Kenya, Ethiopia, Kenya. Waridi ambalo juzi lilikuwa kando ya Ziwa Naivasha. Nikainamia kunusa. Hamna kitu. Yamezalishwa yavumilie safari na yakae kwenye chombo siku nyingi, harufu imebaki njiani. Wanayapenda, sikatai, lakini wanayapenda kama sisi tunavyopenda mkate: unanunua, unaisha, unanunua mwingine. Mimi kwetu sikumwona mtu ananunua ua, na sikumwona mtu anakosa.

Hata hiyo tulipu wanayojivunia ni mgeni kama mimi. Ilitokea upande wa Uturuki, na mtaalamu wa mimea Carolus Clusius aliipanda hapahapa Leiden mwaka 1593. Miaka michache nyuma nilimpelekea mama matunguu yake, yale ya uwanja wa ndege yenye karatasi za ukaguzi. Kuanzia hapo ikawa vichekesho. Tulipu haichanui mpaka ipigwe na baridi kwa majuma kumi na kitu. Mwanza tutaitoa wapi? Nikampigia mama, nikamwambia ayaweke kwenye friji. Friji letu bovu, akayapeleka kwa jirani mwenye duka, yakalala na soda na maziwa ya mtindi. Wiki ya tatu binti wa jirani akayatoa, akamenya mawili kwa kachumbari. Alisema aliona vitunguu vya ajabu, havitoi machozi. Bahati walimuwahi kabla hajayatia mezani, maana hayafai kuliwa hivihivi. Yaliyosalia mama alipanda. Yalitoa majani mawili mawili, yakasimama hivyo, yakaoza.

Nilimsimulia mzee mmoja, jirani yangu kwenye bustani ninayokodi huku, nikitegemea acheke. Hakucheka. Akaniambia mama yake alimlisha hayo majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, njaa ya vita ilipoibana Uholanzi ya magharibi. Unatoa kiini, unachemsha kinachobaki. Basi nikanyamaza. Yule binti wa jirani hakuwa wa kwanza.

Sasa nirudi kwenye pevingi, maana ndiko nilikoanzia. Mdogo wangu anaamini amejenga Ulaya. Kweli, Waholanzi nao waliweka vigae kwenye bustani zao, kwa sababu zilezile: matope, uvivu, gari lipate pa kulala. Sasa hivi wanavitoa. Miji yao inashindana kila mwaka ni upi utang'oa vigae vingi zaidi, watu wakiweka majani na maua mahali pake, kwa kuwa mvua ikipiga sakafu haina pa kuzama na mitaa inafurika. Sikutunga, nimeshika sururu mwenyewe. Nchi tambarare kama meza inaogopa maji ya uani, sembuse sisi tulioko mlimani? Kila tone linaloteleza kwenye vitofali vya Kitangiri linamshukia mwenzetu wa chini. Aliyewahi kuuona Mto Mirongo ukiwa umekasirika katikati ya mji hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, unachoiga ni Ulaya ya juzi. Ya leo inafanana zaidi na baba na matairi yake ya lori.

Najua majibu yako. Maji bado ni ya mgao. Mama magoti yamechoka, hawezi tena kuinamia mashina. Mimi nipo mbali, natuma pesa na maoni, na maoni ni rahisi kutuma. Yote kweli. Siombi bustani ya baba irudi. Naomba ung'oe mstari mmoja wa vitofali ukutani, upana wa jembe, uende kwa yeyote mtaani mwenye Bugando, uombe kijiti. Nina hakika wapo. Usilinunue, hata kama siku hizi wapo wanaouza barabarani. Omba.

Mimi huku nina kipande cha bustani nje ya mji, cha kukodi, nilikingojea kwenye foleni miaka mitatu. Kina kanuni zake kurasa nne, ikiwemo urefu wa uzio. Mwaka juzi dukani nikakuta pakiti ya mbegu, picha yake nikaijua kabla sijasoma: saa kumi. Nililipa euro mbili na ushee kwa ua la baba yangu, nikacheka peke yangu pale kaunta. Likaota. Ila kwa kiangazi cha huku, jua linazama karibu saa nne usiku, nalo limepotea kabisa. Saa kumi linalala fofofo. Linafunguka watu wanapofunga mageti kwenda kulala.

Jioni moja ya Julai nilimpigia mama kwa video nimwonyeshe. Nilikuwa nasogeza simu kwenye kila kichaka, na mama naye kule anapaza sauti, "Ya baba! Ya baba hayo!" na mimi naitikia, "Baba, mama, unaona? Baba!" Yule mzee alikuwa upande wa pili wa uzio, akinyweshea maharage yake. Vuli akaomba mbegu, nikamjazia bahasha. Yeye akawagawia wenzake wawili.

Mei hii nilipopita kwenye vitalu vyao nikaona vimechomekwa vibao vya mbao, vya kupakwa rangi kwa mkono, kila kimoja kina neno moja kwa herufi kubwa: BABA.