Shangazi, hilo tikiti si GMO

Kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo, shangazi yangu ndiye waziri wa afya. Hakuteuliwa na mtu, kajiteua. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya matikiti yasiyo na mbegu. Alituma sauti ya mtu asiyejitaja jina, anayeongea kwa majonzi kama yuko msibani, akisema matikiti yale ni GMO, yaani yamebadilishwa vinasaba (maagizo ya urithi) maabara, na yameletwa makusudi ili kizazi chetu kikatike. Chini yake shangazi akaweka viganja vitatu vya kuomba dua. Kabla ya matikiti yalikuwa mapapai mafupi, na kabla ya mapapai ni kuku wa kisasa. Maembe makubwa yasiyo na nyuzi nayo yalishahukumiwa zamani.

Nampenda shangazi, na hofu yake siidharau. Mtu aliyezika ndugu wawili kwa saratani ana haki ya kuuliza tunakula nini. Ila anamshika mtu ambaye siye.

Tikiti lisilo na mbegu hupatikana kwa kulikutanisha tikiti lenye seti nne za kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba vinasaba) na la kawaida lenye seti mbili. Mtoto anatoka na seti tatu, na mwenye seti tatu hazai. Ni habari ileile ya nyumbu anayezaliwa na punda na farasi. Wajapani waliyapata matikiti hayo katikati ya karne iliyopita, wakati hakuna aliyejua kukata na kuunga vinasaba. Papai fupi ni chotara. Kuku wa broila ni kazi ya kuchagua jogoo na tetea kizazi baada ya kizazi, mpaka akapatikana wa kuchinjwa wiki ya tano au ya sita. Hapo unaweza kulalamikia ladha, unaweza kulalamikia dawa za antibiotiki anazomiminiwa kwenye maji (na mimi nitakuunga mkono), lakini GMO siyo.

GMO yenyewe ni kitu kingine. Kinasaba cha kiumbe kimoja kinahamishwa maabara na kuwekwa ndani ya kingine. Mahindi ya Bt, kwa mfano, yana kinasaba cha bakteria wa udongoni (Bt ni kifupi cha jina lake), hivyo mdudu bungua akitafuna bua anakufa. Mahindi ya aina hiyo, pamoja na yale ya kustahimili ukame, yalijaribiwa Makutupora, Dodoma, kuanzia 2016, ndani ya uzio. Mwaka 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 waziri wa wakati huo, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuyafuta kabisa. Hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima wa Tanzania. Wenzetu Kenya walipiga marufuku vyakula vya GMO Novemba 2012 baada ya utafiti mmoja wa Ufaransa wenye picha za panya waliolishwa mahindi ya GMO, wamejaa uvimbe. Mwaka uliofuata jarida lililouchapisha utafiti huo likaufuta, lakini marufuku ikaendelea miaka kumi, hadi Oktoba 2022, na tangu hapo wanavutana mahakamani.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo nilikuwa soko la Mabibo, Dar es Salaam. Matenga ya nyanya yamepangwa, majani makavu yanachungulia kwenye mianya ya mbao. Nikachukua nyanya moja nzuri kweli, nyekundu, ngumu, haina doa. Kwenye kitovu chake, pale ilipokuwa imeshikana na kikonyo, kulikuwa na vumbi jeupe linaloelekea unjano, limeganda kama poda iliyokauka shingoni mwa mtoto. Nikapitisha kidole, likatoka. Muuzaji akanipokonya nyanya kwa upole, akaifuta kwa pindo la kitenge chake, akanirudishia. "Dawa hiyo tu, dada. Ukiosha inatoka." Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja anamhoji muuza mapapai kama yale ni ya kienyeji au ya GMO.

Vumbi lile nalijua. Mjomba wangu analima nyanya Ilula, Iringa, ekari moja na nusu ya kukodi kando ya korongo ili pampu ifikie maji. Julai mwaka jana nilikaa kwake siku tisa. Katika siku hizo tisa alipiga dawa mara tatu.

Usimlaumu haraka. Tangu 2014 aliingia nchini mdudu kutoka Amerika ya Kusini anayechimba mifereji ndani ya jani, kisha anatoboa tunda. Wakulima wamempa jina Kantangaze, kama vile mdudu mwenyewe anakwambia nenda ukanitangaze. Akiingia shambani na umezubaa, unavuna vikonyo. Dawa nyingi ameshazizoea, kwa hiyo mkulima anaongeza kipimo, kisha anachanganya mbili, kisha tatu. Juu yake kuna ukungu wa baka jani wakati wa ubaridi. Mjomba anapima kwa kifuniko: vifuniko viwili vya hii, kimoja cha ile, halafu vijiko vinne vya unga wa kuua ukungu, vyote ndani ya bomba la lita 16. Anakoroga kwa kijiti cha mti. Kijana anayempulizia hana glavu wala barakoa, ana shati la mikono mirefu na kofia ya Yanga. Akimaliza anakunywa maziwa glasi nzima, eti yanasafisha kifua. Maziwa hayana uwezo huo. Jioni yule kijana alikaa kivulini kashika kichwa, macho yamemwiva, akasema ni jua.

Nilichukua kopo moja nikasoma. Herufi ndogo kama sisimizi. Chini kabisa kulikuwa na mkanda wa njano. Nikamuuliza mjomba kama anajua maana yake.

"Si rangi ya kampuni hiyo, mjomba?"

Siyo. Mkanda ule ndio unaosema ukali wa sumu: nyekundu ni kali kupita zote, ikifuatiwa na njano, kisha bluu, mwisho kijani. Mtu amepulizia dawa miaka kumi na moja na hakuna aliyewahi kumwambia, wala muuzaji wa duka la pembejeo anakonunua, ambaye kazi yake ni kumuuliza "una shida gani shambani?" na kumtolea kopo, mara nyingine alilolimimina kutoka kopo kubwa na halina karatasi yoyote.

Kwenye karatasi hiyohiyo kuna mstari wa siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna. Mara nyingi ni siku 7 hadi 14, inategemea dawa na zao. Mjomba huo mstari anaujua vizuri. Tatizo ni simu. Dalali anapiga saa tatu usiku: gari linapita kesho alfajiri, bei ni nzuri, kama huna mzigo namfuata mwingine. Shamba limepigwa dawa jana. Nyanya haisubiri, deni la mbolea halisubiri, na dalali anataka nyanya isiyo na doa. Gari likija, zile siku 14 zinabaki kwenye kopo.

Siku ya nne nilitumwa nyanya za mboga. Nikaingia kwenye matuta ya karibu, mjomba akapaza sauti: "Hizo usichume! Chuma kule nyuma ya banda." Nyuma ya banda kulikuwa na miche kama thelathini, imechakaa, majani yana mifereji, matunda madogo yenye mabaka. Hizo hazipulizwi. Ndizo wanazokula wao.

Nilisimama pale na bakuli langu nikakosa la kusema. Mjomba wangu si mtu mbaya. Ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano.

Unga ule wa kuua ukungu, kiini chake kinaitwa mankozebu. Desemba 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa matumizi yake, na miongoni mwa sababu zao ni kwamba dawa hiyo inavuruga homoni na imewekwa kwenye kundi la vitu vinavyodhuru uzazi. Uzazi, shangazi! Kile unachokitafuta ndani ya tikiti kiko juu ya nyanya, kinafutika kwa kidole. Mwaka huohuo walishaiondoa dawa nyingine ya wadudu, klopirifosi, kwa hofu ya athari kwa ubongo wa mtoto anayekua. Sisemi kwamba ukila kachumbari leo kesho umekuwa tasa. Mabaki machache si sawa na kuogelea kwenye bomba, na anayeumia kwanza ni yule kijana wa kofia ya Yanga. Ninachosema ni kwamba hapa tuna kitu kilichopimwa, chenye jina na mkanda wa rangi, na hatukiulizi.

Na hilo la "ukiosha inatoka" ni kweli nusu. Dawa za kugusa, kama mankozebu, hukaa juu ya ganda, na maji yanayotiririka pamoja na kusugua kwa mkono yanapunguza sehemu kubwa. Zipo nyingine zinazopenya na kusafiri ndani ya mmea. Hizo hata ukiosha kwa maji ya zamzam ziko ndani ya nyama ya tunda.

Kuna watu wataniambia suluhisho ni kurudi kwenye asili. Neno "asili" nalo nimelichoka kidogo. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na mwaka 2004 Ukambani, Kenya, walikufa 125. Ilikuwa ni mahindi yao wenyewe yaliyoota ukungu baada ya kuvunwa na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu. Hakuna maabara wala mzungu aliyehusika. Ule ukungu ni wa asili kabisa.

Msinielewe vibaya, sipigii debe GMO. Wasiwasi wangu juu yake upo, ila uko kwenye mfuko kuliko kwenye tumbo. Marekani zaidi ya asilimia 90 ya mahindi na soya yanayopandwa ni ya kubadilishwa vinasaba, na baada ya karibu miaka thelathini ushahidi kwamba chakula chenyewe kinaua walaji haujaonekana. Kilichoonekana ni magugu sugu yaliyozoea kiuagugu, na biashara ya mbegu kubaki mikononi mwa kampuni chache. Burkina Faso walipanda pamba ya Bt kuanzia 2008. Haikumdhuru mtu, lakini nyuzi zake zikatoka fupi, pamba yao ikapoteza sifa sokoni, na mwaka 2016 wakaachana nayo. Bangladesh nao wana bilinganya za Bt tangu 2014. Mkulima anaruhusiwa kuhifadhi mbegu zake, na mabomba ya dawa yamepungua sana shambani. Teknolojia ni ileile, ila mikataba ni tofauti. Kwa hiyo siku GMO itakapobisha hodi Ilula, swali langu la kwanza halitakuwa la panya wenye uvimbe. Nitauliza mbegu ni ya nani, na msimu wa pili mjomba atairudia bure au atainunua.

Lakini haijabisha. Bomba ndilo liko shambani leo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kupima kunawezekana. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliamua kupima shehena 1 kati ya kila 10 ya maharage machanga na njegere kutoka Kenya, kutafuta mabaki ya dawa. Wakulima walilia, wapo walioacha kilimo hicho, na waliobaki ikabidi wajifunze kuandika daftari: tarehe ya kupiga, jina la dawa, tarehe ya kuvuna. Mkulima wa Afrika Mashariki anaweza kufuata siku za kusubiri, mradi mlaji awe Mzungu. Sisi wa Mabibo tunapimiwa na pindo la kitenge. Tuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ina wataalamu. Mimi ningependa siku moja nimwone mtu wake pale Mabibo saa kumi alfajiri, matenga yanaposhushwa, anachukua nyanya tano tano kutoka kila gari, na baada ya wiki majibu yanabandikwa kwenye ukuta wa soko, gari kwa gari. Dalali atakayekosa wateja wiki mbili ataanza mwenyewe kumuuliza mkulima amepiga dawa lini.

Shangazi nilimwandikia haya yote, kwa ufupi, na picha ya mkanda wa njano. Akajibu "Mungu atusaidie mwanangu", na dakika saba baadaye akatuma video ya kabichi za plastiki.

Mjomba yeye amesogea kidogo. Msimu huu amefunga mitego minne: beseni lenye maji ya sabuni, juu yake kimening'inizwa kipira kidogo chenye harufu ya Kantangaze jike. Madume yanafuata harufu, yanazama. Alinipigia juzi akicheka, anasema usiku wa kwanza alihesabu mpaka mia mbili akaacha, hakujua kumbe anaishi nao wengi hivyo. Anapiga dawa mara moja kwa wiki badala ya mara mbili. Kile kipira kinaisha nguvu baada ya wiki kadhaa na Ilula hakipatikani, inabidi aagize mjini, na jirani yake wa ng'ambo ya korongo hana mtego hata mmoja.

Nikamuuliza kama bado ana ile miche ya nyuma ya banda.

"Ipo," akasema. "Ukija utachuma."

Sikumuuliza tena.