Profesa wetu wa chini ya mwembe

Asante mwandishi kwa makala kuhusu Profesa mstaafu wa sayansi ya siasa, ila nafasi karibu yote umeimalizia kwenye miaka yake ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sisi wa Isevya hapa Tabora tunamjua kwa kiti chake cha kamba chini ya mwembe. Mimi fundi baiskeli alinifundisha kura tatu: Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilikutana mjini kwetu, ikakubali kuingia uchaguzi ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Alichora visanduku vitatu mchangani kwa fimbo, akaniuliza, "Ungekuwepo, ungesusa?" Nikasema ndiyo. Hakunikatalia, alitaka sababu. Wiki nzima niliziba pancha huku nawaza. Mkutano wa mtaa uliofuata nilisimama, kwa mara ya kwanza maishani, nikaomba tusomewe mapato na matumizi.