Jiwe la Bibi

Mwaka wa pili chuoni nilishajiona bingwa wa miamba. Nyundo kiunoni, lenzi shingoni kama hirizi, na ule ugonjwa wetu wa kulamba mawe. Msicheke. Jiwe kavu lenye vumbi halisemi kitu. Ukililowesha kwa mate, chembe za madini zinajitokeza: kwatzi kama vipande vya kioo, felispa nyeupe, ulanga unametameta. Hapo ndipo unaona kama chembe zimeshikana bila mwelekeo wowote, hiyo graniti, au zimejipanga mistari myeupe na myeusi, hiyo naisi, mwamba uliobanwa na kupikwa chini kabisa ardhini mpaka madini yakakaa foleni.

Tulikuwa Morogoro, kwenye miteremko ya Uluguru, na naisi huko haitafutwi, unajikwaa nayo tu. Saa saba mchana, jua limetuchoma, tukapita kwa bibi mmoja kuomba maji. Wenzangu wanakunywa, mimi jicho limenasa uani: bapa la naisi, uso laini kama limepigwa msasa, mistari imenyooka, na katikati yake vidoa vyekundu.

Ganeti, yale madini mekundu ya vito!

Sikuuliza mtu. Nikapiga magoti, nikatoa ulimi, nikalamba. Na si kwa adabu. Nililamba kama mbuzi aliyekutana na chumvi.

Sekunde mbili za kwanza nilikuwa mwanasayansi. Ya tatu, masikio yalianza kupiga kengele. Machozi, kamasi, jasho, vyote kwa pamoja.

"Vivi! Viwe vani hivi?" Midomo ilikuwa imeshagoma kutamka Bibi.

"Mjukuu wangu, si la kusagia pilipili kichaa hilo! Hata sijaliosha."

Kumbe ganeti zangu zilikuwa maganda ya pilipili. Nikanyakua kata ya maji, nikagida. Kosa la pili. Ukali wa pilipili hauyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo nilichofanya ni kuusambaza mpaka kooni. Bibi ndiye aliyeniokoa kwa kikombe cha mtindi.

Mwalimu akaja na daftari lake, hana habari. "Enhe, chembe zimejipangaje hapo?"

Nikanyoosha kidole tu.

Bibi alinitazama kwa huruma, akajua shida yangu ni njaa. "Kuna jingine la kusugulia visigino, liko bafuni. Na hilo nikuletee?"