Panga mabomba ya akwariamu ukifikiria umeme kukatika

Anayeanzisha akwariamu ya matumbawe nyumbani huhangaika na taa, kisha mawe, kisha samaki. Mabomba huachiwa fundi siku ya mwisho. Mpangilio huo naupinga kabisa. Taa ikiwa dhaifu unaibadilisha mwezi ujao, lakini tundu likishatobolewa pasipofaa kwenye kioo, hakuna kurudi nyuma. Na maji ya chumvi yakifika kwenye soketi, hasara haiishii kwenye tangi.

Swali la kwanza si pampu ina nguvu kiasi gani. Swali ni hili: umeme ukikatika saa nane usiku na watu wamelala, maji yatasimama wapi?

Tuchukue tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300, na tangi la chini la sentimita 80 kwa 40 ndani ya kabati. Maji hufurika ndani ya kisanduku kilichobandikwa kwenye kioo cha nyuma, hushuka kwa bomba, husafishwa chini, kisha pampu huyapandisha tena. Kila sentimita ya kina kwenye tangi la juu ni lita 6. Chini, kila sentimita ni lita 3.2. Namba hizo mbili ndizo msingi wa hesabu zote.

Kisanduku cha kawaida kina ukingo wa sentimita 25 wenye meno, na meno hula karibu nusu ya urefu huo. Pampu ikileta lita 1,500 kwa saa, maji yatasimama kama sentimita 1.5 juu ya ukingo ndipo yapite yote. Pampu ikizimika, sentimita hizo zinashuka: lita 9. Sasa angalia mdomo wa bomba linalorudisha maji. Ukiwa umezama sentimita 4 chini ya ukingo, bomba litanyonya maji kurudi chini, kama mafuta yanavyovutwa kwa mpira kutoka kwenye tangi la gari, mpaka mdomo upate hewa. Hizo ni lita 24 nyingine. Ongeza kama lita 5 zilizomo kwenye mabomba na kisanduku, unapata 38, na tangi la chini linapanda karibu sentimita 12. Inua mdomo uleule uwe sentimita 1 tu chini ya uso wa maji pampu ikiwa inafanya kazi, na kitakachoshuka ni lita 14, kama sentimita 4 na nusu. Hujanunua kitu chochote, umeinua kiwiko cha bomba tu.

Wapo wanaotegemea valvu ya kuzuia maji kurudi, au tundu dogo la hewa kwenye bomba la kurudisha maji. Mimi nasema viwepo ukipenda, ila visiingie kwenye hesabu. Valvu hiyo hushindwa kufunga kwa sababu ya konokono mdogo au ganda la chokaa, na tundu huzibwa na mwani.

Ukingo mrefu, unaokaribia urefu wote wa kioo cha nyuma, ni bora zaidi. Kwenye ukingo laini wa sentimita 110, maji hayohayo hupita yakiwa na unene wa milimita 3 hadi 4. Utando wa mafuta ulio juu ya maji huvutwa vizuri, na zile lita 9 zinazoshuka kutoka juu ya ukingo umeme ukikatika hupungua hadi kama lita 2.

Kuna hatari ya upande wa pili, na hii husahaulika: umeme upo, pampu inasukuma, lakini bomba la kushusha limeziba. Pampu itamwaga juu kila kilichomo kwenye chemba yake, yaani sehemu ya tangi la chini inamokaa, mpaka ianze kuvuta hewa. Chemba ya sentimita 25 kwa 40 yenye kina cha sentimita 20 juu ya mdomo wa pampu ina lita 20. Tangi la juu likiwa na nafasi ya sentimita 3 tu, linameza lita 18. Lita 2 ziko sakafuni. Punguza upana wa chemba uwe sentimita 20, na lita zake 16 zitaenea juu bila kumwagika.

Kuhusu mabomba ya kushushia, bomba moja ni kosa hata likiwa nene. Weka matatu. La kwanza hujaa maji bila hewa, na mwendo wake hurekebishwa kwa geti valvu (valvu inayofungwa polepole kwa kuzungushwa) iliyo chini karibu na tangi, ili sehemu ya juu ibaki imejaa na kimya. La pili halina valvu, hubeba kijito chembamba tu, na lina kimrija cha hewa ambacho mdomo wake unakaa juu kidogo ya kiwango cha kawaida cha maji kwenye kisanduku. Maji yakipanda yakaziba kimrija, bomba hilo nalo hujaa na kuanza kuvuta kwa nguvu. La tatu ni la dharura: kavu siku zote, halina valvu wala chujio. Mwisho wake uachwe juu ya maji ya tangi la chini, ili likianza kumwaga ulisikie ukiwa chumba cha pili. Mfumo wa mabomba mawili hufanya kazi, lakini utelezi ukijijenga ndani ya bomba kiwango huhama, na kila wiki utakuwa unagusa valvu.

Mwisho wa bomba la kwanza uzame sentimita 2 hadi 3 tu. Ukizama sana, umeme ukirudi hewa iliyobaki ndani haiwezi kusukumwa nje, bomba halijai maji, na maji yote yanakimbilia bomba la dharura.

Sasa dukani. PPR ya milimita 32, bomba la plastiki linalounganishwa kwa joto na lililozoeleka kwa mafundi, ina ukuta mnene: aina ya PN20 (PN ni kiwango cha shinikizo) ina kipenyo cha ndani cha milimita 21 hivi, wakati PVC ya milimita 32 ya PN16 ina 27. Eneo la kupita maji linapungua kwa karibu asilimia 40, kwa hiyo chagua PVC. PVC hiyo ikijaa bila hewa, kwa mteremko wa sentimita 70, inabeba kama lita 3,000 kwa saa, zaidi ya inayohitajika hapa. Geti valvu za shaba njano zisiguse mfumo huu, kwa sababu shaba huua matumbawe, kamba na konokono. Tafuta za PVC. Weka yunioni, yaani kiungo kinachofunguka, juu ya valvu ili uweze kufungua na kuosha kwa siki. Kwenye tanki konekta, yaani kiungo kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo, mpira hukaa upande wa kichwa, si upande wa nati. Kabla ya kutoboa, hakikisha kioo si cha kukaza kwa moto, maana hicho hupasuka vipandevipande.

Mwendo wa maji yanayozungukia matumbawe usiutafute kwenye pampu ya chini. Kupitia tangi la chini, mara 4 au 5 ya ujazo kwa saa zinatosha. Ndani, kwa matumbawe mchanganyiko, lenga mara 20 hadi 40: pampu mbili za mawimbi za lita 5,000 kila moja, zikipokezana, mikondo ikutane katikati badala ya kupiga tumbawe moja usoni. Acha sentimita 8 nyuma ya mawe, la sivyo uchafu utalala humo. Pampu ya volti 24 inayokubali betri ndiyo ninayoipendekeza, maana umeme ukikatika hewa iliyomo majini huisha kabla joto halijabadilika.

Gundi ikikaa saa 24, jaza maji baridi yasiyo na chumvi na ufanye fujo kwa makusudi. Chomoa pampu na kuichomeka mara 10. Ziba bomba la kwanza kwa kitambaa, kisha la pili pia, uone kama la dharura peke yake linameza maji yote ya pampu. Valvu izungushwe sehemu ya nane ya duara, usubiri dakika 10 kabla ya kuigusa tena. Kiwango kikishatulia, chora alama kwenye kioo cha tangi la chini: moja pampu ikizunguka, nyingine ikiwa imezimwa.