Wametumwa au wana lao? Tuanzie Mgagao

Ukikaa kijiwe chochote pale Mwanjelwa, Mbeya, habari ikigusa Kongo ama Sudan, hazipiti dakika mbili mtu ashamaliza mjadala: "hiyo vita ya wakubwa bana, hao wengine wametumwa tu". Halafu inafuata ile ya fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Me hiyo methali hapa siielewi kabisa, nyasi haina ugomvi wake, watu wanao.

Mfano uko huku huku kwetu. Mgagao, kule Kilolo Iringa, miaka ya 70 ilikuwa kambi ya ZANLA, jeshi la chama cha ZANU cha Zimbabwe, na walimu wa kijeshi walikuwepo Wachina. Wenzao wa ZIPRA, jeshi la chama kingine cha Zimbabwe, ZAPU, chini ya Joshua Nkomo, walikuwa wanabebwa na Warusi. Na kipindi hicho China na Urusi walikuwa hawapikiki chungu kimoja, kwa hiyo mtu akisema Beijing na Moscow walikuwa wanashindana kupitia migongo ya Wazimbabwe hajakosea sana. Ila sasa, nani alimfundisha Mzimbabwe kuumia na ardhi yake iliyochukuliwa na walowezi? Na mwaka 1975 maofisa wa hapo Mgagao walikaa wakaandika tamko la kumkataa kiongozi wao Sithole, wakasema wa kuongea kwa niaba yao ni Mugabe. Mtu wa kutumwa anamkataa bosi hivyo?

Haya, upande wa pili nao una hoja nzito, na jina lake ni RENAMO. Hili ni kundi la waasi la Msumbiji, lilianzishwa na mashushushu wa Rhodesia (Zimbabwe ya enzi za walowezi) kuisumbua Msumbiji kwa sababu ilikuwa inawahifadhi hao hao ZANLA. 1980 Rhodesia ikafa, ungetegemea na RENAMO ife, wapi, Makaburu wa Afrika Kusini wakaichukua, wakasaini na Msumbiji mkataba wa Nkomati 1984 kwamba wanaacha, huku chini chini wanaendelea kuipa vitu. Amani imekuja Roma 1992. Hapo "wametumwa" inakaa sawa kabisa, japo hata RENAMO ilipata watu kwa wanavijiji waliokuwa na hasira na FRELIMO, chama kilichokuwa kinatawala Msumbiji, kwa kuhamishwa kwa nguvu na machifu wao kudharauliwa.

Angola ndo inachanganya kichwa. Askari wa Cuba, waliokuwa upande wa serikali, walikuwa wanalinda visima vya mafuta vya kampuni ya Kimarekani kule Cabinda, wakati Marekani hiyo hiyo inampa silaha Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA! Vita baridi ikaisha, Wacuba wakaondoka, Savimbi akaendelea na hela ya almasi mpaka alipouawa 2002.

Kwa hiyo me naona mfadhili mara nyingi haleti ugomvi, analeta muda. Ugomvi ambao ungechoka ndani ya miaka mitatu unafika kumi na tano kwa sababu risasi haziishi. Kumkata mfadhili ni lazima, ila ukiishia hapo umefanya nusu ya kazi. Angalia Kongo, wataalamu wa UN wanasema Rwanda iko nyuma ya M23, waasi wa mashariki mwa Kongo, Rwanda inakana, lakini lile swali la Watutsi wa Kongo ni raia ama sio raia lilikuwepo hata M23 haijazaliwa. Juni 2025 Kinshasa na Kigali wakasaini amani Washington, na M23 hawakuwemo kwenye mkataba huo, wao mazungumzo yao yalikuwa Doha.